Kontena la programu ni nini, na amri zake zinasema nini

Kontena, kwa wengi wetu, ni lile sanduku la chuma la futi 20 au 40 linaloshushwa bandarini, au lile lililokatwa dirisha likageuzwa duka kando ya barabara. Watu wa kompyuta walilichukua jina hilo kwa sababu nzuri: sanduku likishafungwa, meli, treni na lori hulibeba bila kujali ndani mna nini. Lakini jina hilohilo huwapotosha wanaoanza. Kontena la programu si sanduku. Ni programu iliyo kazini, iliyozungushiwa ukuta ili isizione programu nyingine.

Sanduku lenyewe, lile linalosafirishwa, huitwa imeji: furushi la mafaili lenye programu na kila inachohitaji. Imeji imelala tu kwenye diski. Ukiiamsha ndipo unapata kontena, na imeji moja inaweza kuzaa makontena kumi.

Ukuta hujengwa na kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo wa uendeshaji. Sehemu yake moja huamua programu ione nini. Nyingine, iitwayo cgroups, iliyoingia kwenye kerneli mwaka 2008, huipimia kumbukumbu na nguvu ya prosesa. Docker, programu ya kuendesha makontena, ilipojitokeza mwaka 2013 haikuvumbua hayo. Ilichofanya ni kuyaweka nyuma ya amri fupi ambazo mtu yeyote anaweza kuziandika.

Fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, uandike:

docker run ubuntu

Imeji iitwayo ubuntu itapakuliwa, kisha terminali inarudi kukungoja, kimya. Ukiandika docker ps, amri ya kuorodhesha makontena yaliyo kazini, orodha haina kitu. Hapa ndipo wengi hudhani wameharibu. Andika docker ps -a, inayoonyesha hata yaliyomaliza, utaliona kontena lako, na kando yake maneno Exited (0). Imeji hiyo huamsha bash, programu inayopokea amri unazoandika, nayo bash haikukuta mtu wa kuipa amri, ikamaliza kazi salama. Ndiyo maana ya ile sifuri. Programu ikimaliza, kontena nalo limemaliza. Anayelidhania kuwa kompyuta ndogo hulisubiri libaki limewaka, na atasubiri sana.

Sasa jaribu docker run -it ubuntu bash. Safari hii, kwa sababu ya -it, bash imeunganishwa na kibodi yako, kwa hiyo inabaki. Ukiwa ndani andika echo $$, yaani uiulize namba yake ya mchakato, namba ambayo kila programu iliyo kazini hupewa. Itajibu 1. Yenyewe inajiona ndiyo ya kwanza kuamka duniani, ilhali nje ya ukuta kerneli inaijua kwa namba nyingine kabisa. Kwangu mimi jibu hilo la tarakimu moja linafundisha kuliko michoro mingi.

Ukishalishika hilo, amri nyingine hazihitaji kukaririwa. ps ni amri ya zamani ya mfumo wa Unix ya kuorodhesha michakato, na hapa inafanya kazi ileile. logs inakuonyesha programu imeandika nini, exec inaingiza programu ya pili ndani ya ukuta uleule. stop huiomba programu ijifunge, huipa sekunde 10, kisha huikata kwa nguvu. Wanaotumia Podman, programu nyingine ya makontena, wataandika karibu maneno yaleyale. Tofauti kubwa ni kwamba Podman haina programu mama inayokaa nyuma muda wote kupokea amri.

Amri ya kuogopa ni rm, inayofuta kontena. Baada ya stop, mafaili ambayo programu iliyaandika ndani ya kontena bado yapo, na docker start itayakuta. Baada ya rm yamekwenda, hayarudi. Kwa hiyo data yoyote unayoijali iandikie nje ya kontena tangu siku ya kwanza, kwa kuongeza -v kwenye run, kwa mfano -v data:/data, ambapo data ni jina la hifadhi ya nje na /data ni folda ambamo programu huiona ndani ya kontena. Hapo unaweza kulifuta kontena asubuhi, ukaamsha jingine kutoka imeji mpya ukilipa -v ileile, nalo likayakuta mafaili ya jana mahali pake.