Namba Si Jina la Seva

Wiki iliyopita nilikuwa Mwanga, kwenye ofisi yenye kompyuta tisa. Mhasibu akaniambia neno ninaloambiwa karibu kila ofisi ninayoingia hapa Kigoma: "Fundi, niandikie IP ya seva nibandike hapa." Yaani namba ya ile kompyuta inayohudumia nyingine zote pale ofisini. Pembeni ya skrini yake tayari kulikuwa na vikaratasi vitatu vya gundi, kimoja juu ya kingine, cha chini kikiwa kimekatwa kwa kalamu nyekundu. Nimechoka kulieleza jambo hili kwa mdomo, ofisi moja baada ya nyingine.

Dhana: IP ndiyo jina lenyewe la seva, majina ya maneno ni mapambo tu

Hapana. IP ni anwani. Inaeleza kifaa kinapatikana wapi kwa sasa, basi. Fundi cherehani akihamisha kibanda kutoka Gungu kwenda Katubuka, wateja wanaendelea kumwita kwa jina lake. Kilichobadilika ni njia ya kufika kwake.

Tena hizo namba za ofisini wala si mali ya seva yako. Zinazoanza na 10, na 192.168, na zile za 172.16 hadi 172.31, zilitengwa kwa matumizi ya mitandao ya ndani popote duniani. Ruta yako na ya jirani yako zinaweza kugawa namba zilezile bila kugombana. Ukibadilisha ruta, unaweza kuwa umebadilisha mtaa mzima.

Nimeliona hilo kwa macho. Duka moja la vifaa vya ujenzi lilipigwa na radi msimu wa mvua, ruta ikaungua. Kijana wa dukani akanunua nyingine siku hiyohiyo, akachomeka, intaneti ikarudi, kila mtu akafurahi. Asubuhi yake programu ya mauzo haifunguki popote. Ruta ya zamani ilikuwa inagawa 192.168.0, mpya inagawa 192.168.1. Namba ya seva ilikuwa imeandikwa ndani ya programu kwenye kaunta sita, kwenye folda za stoo, kwenye printa, hadi kwenye simu ya mwenye duka. Nilianza saa mbili asubuhi, nikamaliza saa kumi jioni, na muda wote huo saruji na mabati vinauzwa kwa daftari. Kama zile mashine zingekuwa zinaita *mauzo*, ningeipa seva namba yake ya kudumu, nikaandika mstari mmoja kwenye ruta, nikaenda zangu kunywa chai.

Hili si jambo geni. Kabla ya DNS, mfumo unaotafsiri majina kuwa namba za IP, majina ya kompyuta zote za mtandao ule wa kwanza wa Marekani yalikaa kwenye faili moja, HOSTS.TXT, na kila mwenye kompyuta alipaswa kulinakili upya. Mtandao ulipokua, faili likashindwa kazi. Paul Mockapetris akaja na DNS mwaka 1983. Karatasi ya gundi kwenye skrini iko nyuma hata ya lile faili, kwa sababu faili angalau lilikuwa na majina.

Sasa, jina lipi? Hapa ndipo ninapogombana hata na mafundi wenzangu. Nakuta seva inaitwa Simba na nyingine Yanga. Nakuta *seva-mpya* ambayo ina miaka sita. Nakuta kompyuta ina jina la karani aliyehamia Kasulu zamani, na aliyeikalia leo hajui kwa nini printa inamtaja mtu mwingine.

Tenganisha vitu viwili. Mashine ipe jina la kudumu lisilo na mbwembwe, kama *kgm-01*, libandike kwenye kasha lake, na mashine ikiharibika, jina life nayo. Huduma ipe jina la kazi inayofanya: *mauzo*, *mafaili*, *printa-kaunta*. Watu na programu waite huduma, wasiite mashine. Siku *kgm-01* ikifa, unaielekeza *mauzo* kwa *kgm-02* na hakuna mtu kaunta anayejua kuwa kuna kitu kimehama. Tumia herufi ndogo, tarakimu na kistari. Ile alama ya mstari wa chini iache, haimo kwenye kanuni za majina ya mashine.

Na tafadhali, acheni kujaza 8.8.8.8 kwa mkono kwenye kila kompyuta. DNS hiyo ya Google haiijui *mauzo* yako. Kompyuta ziulize ruta kwanza, ruta ndiyo iulize huko nje.

Dhana: majina ya ndani yaishie na .local

Mwisho huo umetengwa kwa vifaa vinavyotafutana vyenyewe bila seva ya DNS, printa nyingi zikiwemo, kwa hiyo vitagongana. Tangu 2024 kuna *.internal*, iliyotengwa rasmi kwa mitandao ya ndani. Andika *mauzo.duka.internal*.

Dhana: ukibadili DNS lazima usubiri saa 48

Unasubiri muda uliouweka mwenyewe kwenye TTL, yaani sekunde ambazo jibu la zamani linaruhusiwa kukumbukwa. 86400 ni siku nzima, 300 ni dakika tano. Siku mbili kabla ya kuhama shusha hadi 300, na siku ya kuhama hutasubiri sana. Hizo saa 48 zina ukweli unapobadilisha seva za DNS za kikoa chenyewe, lile jina la tovuti yako: kwa .com, rekodi hizo zimewekewa sekunde 172800, yaani saa 48.

Dhana: ukificha jina la Wi-Fi umejilinda

Simu iliyolihifadhi jina hilo huliita hewani ikilitafuta, na mwenye programu ya kunasa analisoma. Weka ulinzi wa WPA2 au WPA3 na nywila ndefu, jina liache lionekane.

Dhana: kikoa nilishanunua, ni changu

Umekodi, na kodi ina tarehe ya kuisha. Halafu muulize aliyekutengenezea tovuti: kikoa kimesajiliwa kwa jina la nani, na taarifa za kulipia zinaingia kwenye barua pepe ya nani? Mara nyingi najibiwa kuwa ni ya kijana fulani ambaye siku hizi hapokei simu.