Usaili wa dereva wa lori haupimi ubabe

Vijana wengi wenye leseni daraja E, ya malori, wanaokwenda usaili Dar es Salaam wanaamini watapimwa kwa ubabe: nani anafika Tunduma, mpakani na Zambia, bila kulala. Si kweli, na kujisifu hivyo humtisha anayeajiri. Lori na trela lenye ekseli saba linaruhusiwa kufika tani 56 kwa sheria ya Afrika Mashariki ya 2016. Nani atamkabidhi uzito huo mtu mwenye usingizi?

Mara nyingi utapelekwa yadi na kuambiwa, "Kagua gari." Wengi hukimbilia kiti. Tafadhali usipande. Zunguka kwanza. Gusa nati za matairi, inama uone kama trela limeshika vizuri kwenye kichwa, toa maji kwenye matangi ya upepo wa breki. Kisha zima injini, nyamaza, sikiliza: kasauti ka "sss" kwenye mpira wa upepo ni breki inayovuja. Taja kwa sauti kila unachokiona.

Kama hujawahi kushuka Kitonga, ule mteremko mkali wa Iringa, na mzigo, sema hivyo. Halafu eleza utakavyoshuka: gia nzito kabla ya mteremko, breki ya injini, bila kukanyaga breki mfululizo hadi zipate moto.