Meli za kufagia mabomu za Urusi hazikuwa maboti ya wavuvi yaliyookotwa tu

Kuna hii stori watu wanaisambaza, eti Urusi ya kina tsar (wafalme wake wa zamani) ilitumia meli za uvuvi kufagia mabomu ya baharini kwa sababu ilikuwa maskini haina meli za maana. Jamani, sio kweli!

Kwanza Urusi ndo ilikuwa mbele kwenye hii kazi. Baada ya manowari Petropavlovsk kugonga bomu pale Port Arthur, bandari ya huko China, 1904 wakati wa vita na Japani, na kuzama na Admirali Makarov, kamanda wa meli za Urusi huko, somo liliingia, na kufikia 1911 walikuwa na Minrep na Vzryv, meli zilizoundwa maalum kwa kufagia mabomu, wengi wanazihesabu ni za kwanza duniani.

Sasa kwa nini trola, yaani meli za uvuvi zinazokokota nyavu? Angalia kazi yenyewe. Bomu limefungwa kwa waya kwenye nanga chini, linaelea ndani ya maji hulioni, meli mbili zinakokota kebo katikati yao, kebo inanasa ule waya, ukikatika bomu linaibuka juu na linapigwa risasi. Hapo unataka injini yenye nguvu ya kuvuta, winchi, deki ya nyuma iliyo wazi, na bodi inayohimili mawimbi ya kaskazini. Trola inavyo vyote tayari! Ndo maana 1915, kwenye Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walipotega mabomu Bahari Nyeupe, kaskazini mwa Urusi, kwa meli yao Meteor, hata Waingereza walipeleka trola kusaidia.

Ubaya wake upo, na ni mkubwa: sehemu ya chini ya trola inaingia kina kirefu majini, kwa hiyo inaweza kugonga bomu kabla haijalifagia.