Kuhamisha watu bondeni si kumaliza umaskini wa jiji

"Bomoeni, wapelekeni mbali, Dar itapendeza." Hoja hii ya kuwaondoa wakazi wa mabondeni hurudi kila baada ya mvua kubwa, na ilishajaribiwa. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, waathirika wa bonde la Msimbazi walipewa viwanja Mabwepande, takriban kilomita 30 kutoka mjini. Kiwanja walipata, riziki ikabaki Kariakoo. Mchuuzi wa ndizi aliyezoea kwenda sokoni kwa miguu alfajiri akianza kulipa nauli kwenda na kurudi, faida inaishia kwenye daladala. Baadhi walirudi bondeni.

Kwa aliyejenga ukingoni kabisa mwa mto, kuhama hakukwepeki. Ila mitaa mingi isiyopimwa haiko mtoni. Shida yake ni mifereji, njia na vyoo. Hananasifu, mtaa wa Kinondoni jijini Dar, miaka ya 1990 wakazi wenyewe walishiriki kujenga mifereji na barabara.

Kosa kubwa ni kuanza mfereji juu kabla ya kufungua mwisho wake: maji yanahamia sebuleni kwa jirani wa chini. Anzia yanakomwagikia, panda nao, mteremko usikatike popote. Mchanga na chupa za plastiki vizolewe kabla ya masika. Na anayetapisha choo, yaani kukifungulia kimwagike na maji mvua ikinyesha, kinyesi chake kinapita humohumo.