Kwa nini mhamiaji auache mji mkubwa akaishi Lewiston?

Muulize mtu wa kwetu angependa kuishi wapi Marekani, atakutajia New York au Los Angeles. Na kweli, wahamiaji wengi wako kwenye majiji ya namna hiyo. Lakini mwaka 2001 familia za Kisomali zilianza kuhamia Lewiston, jimbo la Maine: mji wa watu 36,000 hivi, wenye baridi kali, na wenyeji wengi ni Wazungu wenye asili ya Wafaransa wa Kanada.

Wa kwanza walitokea Portland, mji mkubwa kuliko yote wa Maine, ambako nyumba za kupanga zilikuwa hazipatikani. Waliofuata walijileta wenyewe, wengine kutoka Clarkston, pembeni mwa Atlanta.

Kisa ni nyumba. Lewiston uliishi kwa viwanda vya nguo kando ya mto Androscoggin. Viwanda vilipokufa watu wakaondoka, vyumba vikabaki vitupu na kodi ikashuka. Mama mwenye watoto saba hahitaji kuelezwa zaidi. Anapata nafasi ya kuwalaza wote, shule iko karibu, na mtaa hauna vurugu za jiji. Wazee walitangulia kukagua, wakarudisha habari. Binamu akipata nyumba, shangazi anafuata; likifunguliwa duka la nyama halali, hata asiye na ndugu anakuja.

Kwingine kinachovuta ni ajira. Garden City, Kansas, na Fort Morgan, Colorado, kuna viwanda vya nyama vinavyoajiri hata asiyejua Kiingereza, mradi mikono yake ihimili kisu na ubaridi zamu nzima.

Mji mdogo una kero yake: hujifichi. Wasomali elfu moja New York nani angewaona? Lewiston, Oktoba 2002, meya Laurier Raymond aliwaandikia barua ya wazi akiwataka wapunguze kuja. Miezi michache baadaye maelfu ya watu waliandamana kuwaunga mkono wageni. Wao waliendelea kuja, na mwaka 2019 Safiya Khalid, aliyezaliwa Somalia, akachaguliwa diwani.

Baadaye walifika Wabantu wa Somalia, ambao baadhi yao mababu zao walipelekwa huko utumwani karne ya 19 na mpaka leo wanasema Kizigua, lugha ya Handeni. Wakongo nao wamefika. Kwa hiyo ukiwa Lewiston, usimsengenye mtu kwa Kiswahili.