Baridi ikifika, wanyama hubana matumizi: mambo ya kujua kabla ya kupanda mlima kwa skii

Wengi wanaopanda milima ya Alpi, Ulaya, kwa skii (mbao ndefu za kutelezea) au viatu vya theluji (vyenye nyayo pana ili mtu asizame) wanayapenda mazingira. Hawahitaji lifti ya kuwapandisha mlimani, hawapigi kelele, na takataka zao hurudi nazo. Ndiyo maana hushangaa kukuta kibao kinachowazuia kuingia msituni. Kila msimu sisi wa hifadhi huulizwa: mtu mmoja anayepita kimyakimya ataharibu nini?

Ataharibu akiba. Wakati wa baridi chakula mlimani ni haba na hakina lishe, hivyo mnyama huishi kwa kutumia nguvu kidogo iwezekanavyo. Watafiti wa Vienna waliowavisha kulungu wekundu vifaa vya kupimia waligundua kuwa katika usiku wa baridi kali mapigo ya moyo hupungua, na joto la chini ya ngozi ya kifua huweza kushuka hadi nyuzi 15 za Selsiasi. Mnyama wa namna hiyo akikurupushwa, inambidi aupashe mwili joto ghafla na kukimbia kwenye theluji inayomfika tumboni. Nguvu iliyopotea hapo ni vigumu kuirudisha kabla ya majani mapya kuchipua. Akijificha msitu mnene na njaa yake, huanza kubandua magome ya miti michanga, na hasara inamhamia mwenye msitu.

Kwale mweusi anatumia mbinu nyingine. Ni ndege anayekaribia ukubwa wa kuku, na makazi yake ni pale msitu unapoishia na malisho ya juu kuanza. Huchimba tundu kwenye theluji laini, akajifukia humo sehemu kubwa ya siku. Nje baridi iwe kali namna gani, ndani joto hukaa karibu na nyuzi sifuri. Hutoka alfajiri na jioni kula vichipukizi na majani ya misonobari. Ukipita hapo mchana humwoni. Unaona uwanda mweupe, pengine na kishimo kilichojaa vinyesi alichokiacha jana, halafu theluji inapasuka hatua chache mbele yako na ndege anaruka. Utafiti uliofanywa nchini Uswisi na kuchapishwa mwaka 2007 ulipima vinyesi vya ndege hawa na kukuta homoni za mfadhaiko zikiwa juu zaidi palipo na michezo mingi ya theluji.

Linalomsumbua mnyama zaidi ni kutojua utatokea wapi. Lifti inayonguruma mahali palepale kila siku anaweza kuizoea. Mtu anayeibuka kutoka juu bila sauti, leo huku kesho kule, hazoeleki. Kwa hiyo watu 20 wakifuata njia moja msituni, madhara yao huenda yakawa madogo kuliko ya watatu waliotawanyika kila mmoja na mkondo wake.

Kwa maoni yangu, mvaa viatu vya theluji anahitaji uangalifu kuliko mwenye skii, ingawa yeye ndiye huonekana mpole. Skii humvuta mtu kwenye miteremko iliyo wazi. Viatu vya theluji hupenya popote, hasa miinuko ya wastani yenye miti, ambako ndiko kwa kwale. Hapo ndipo usalama na uhifadhi hugongana. Ulaya hutumia ngazi 5 za hatari ya maporomoko ya theluji, ya 5 ikiwa ya juu kabisa. Ikifika ya 3, wengi huiacha miteremko yenye mwinamo wa zaidi ya nyuzi 30 na kuhamia msituni. Kiusalama wamefanya vyema, na sitamshauri mtu yeyote kinyume. Ila siku kama hizo fuata barabara ya msitu au njia iliyowekewa alama, na usikate kona kati ya miti.

Sheria hutofautiana, kwa hiyo angalia ramani kabla ya kutoka nyumbani. Hifadhi ya Taifa ya Uswisi, iliyoanzishwa mwaka 1914, hufungwa kabisa wakati wa baridi. Kwingineko nchini humo kuna kanda za utulivu wa wanyamapori: nyingine ni amri ya kisheria na ukiivunja unatozwa faini, nyingine ni ombi. Tarehe za kufunga na kufungua hazifanani. Ramani rasmi za mtandaoni huonyesha mipaka pamoja na njia zinazoruhusiwa kuivuka. Usitegemee njia iliyorekodiwa na kupakiwa na mtu kwenye programu ya simu, wala alama za aliyekutangulia. Naye huenda alipotea.

Suala la saa halina jibu moja. Katikati ya msimu, ukianza jua likishapanda na ukateremka kabla ya magharibi, unawaachia wanyama nyakati zao za kula. Kupanda usiku kwa taa ya kichwani, mtindo unaozidi kuenea, sikuungi mkono. Majira ya kuchipua mambo hugeuka: theluji hulainika adhuhuri na kuwa hatari, hivyo lazima uondoke mapema, wakati uleule kwale madume wanapokusanyika kuwania majike. Basi pita eneo la mpaka wa msitu kwa njia iliyopo, bila kusimama, ukapumzikie juu zaidi. Viraka vilivyokwisha kuyeyuka theluji vipite kwa mbali, maana mnyama huvifuata kwa ajili ya majani.

Mbwa afungwe kamba. Katika hifadhi kadhaa haruhusiwi kabisa. Na ukikutana na mnyama uso kwa uso, simama, usimkaribie kwa ajili ya picha, mwachie upande wa chini aondoke kwa hatua zake, kisha rudi nyuma au zunguka.