Landilodi si sheria: dhana zinazowaponza wapangaji wa Kenya

"Nyumba ni yake, ataongeza kodi atakavyo." Kauli hii utaisikia katika kila ploti, na inapotosha kwa sababu nusu yake ni kweli. Kuna wengine wenye dhana ya kinyume: wamesikia kwamba lipo baraza la kodi, wakadhani linamlinda kila mpangaji. Pande zote mbili hukosea, na anayekosea huishia kugonga mlango usio wake.

Ukweli ni huu. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba za kuishi, Sura ya 296 ya Sheria za Kenya, ipo na baraza lake lipo. Mbele ya baraza hilo, landilodi hawezi kutoza zaidi ya kodi ya msingi, yaani ile inayotambuliwa kisheria kwa nyumba hiyo, ila kwa sababu zilizotajwa na sheria yenyewe, kama vile kuboresha jengo. Lakini ulinzi huo unaishia kwenye nyumba ambazo kodi yake ya msingi haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kiwango hicho kiliwekwa zamani, na kwangu mimi kuachwa kwake hivyo ni dhuluma. Baadhi ya vyumba vya mabati kule Mathare au Mukuru, mitaa ya mabanda ya Nairobi, bado vinaingia. Bedsita ya kawaida, yaani chumba kimoja chenye choo chake ndani, haiingii, na aliye humo hana baraza la kupima kama nyongeza ni ya haki. Anategemea mkataba wake na mahakama ya kawaida.

Hata hivyo, kukosa baraza si kukosa haki, na hapa ndipo wengi hukata tamaa mapema. "Sina mkataba wa karatasi, kwa hiyo sina langu." Si kweli. Sheria ya Ardhi ya 2012 inakubali upangaji wa muda usiozidi miaka miwili ufanywe kwa mdomo. Unayelipa mwezi kwa mwezi una upangaji wa mwezi, na anayetaka kuuvunja, awe landilodi au wewe, lazima atoe notisi isiyopungua mwezi mmoja, inayoisha siku ya kulipa kodi. Keretaka, yaani mwangalizi wa ploti, akikwambia Ijumaa uwe umetoka Jumapili, hiyo si notisi. Tunza jumbe za M-Pesa za kodi na diposti. Kwa asiye na karatasi, hizo ndizo ushahidi wake.

Dhana inayoniuma zaidi ni hii: kwamba ukikodi nyumba, unaikubali na kuvuja kwake. "Uliiona kabla ya kuingia." Sheria hiyohiyo ya 2012, kifungu cha 65, inasema vingine. Chumba au nyumba ya kuishi lazima ifae kukaliwa mpangaji anapoingia, na iendelee kufaa muda wote anapokaa. Na kama umekodi sehemu tu ya jengo, paa, kuta za nje, mitaro mikuu, ngazi na njia za pamoja ni juu ya mwenye jengo kuzitunza. Choo cha ploti kikifurika, hilo si jambo la wapangaji kuchangishana.

Mlango wa kugonga hapa ni wa afisa wa afya ya umma wa kaunti. Chini ya Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, anaweza kukagua na kumpa mwenye nyumba notisi ya kuondoa kero, na akikaidi apelekwe mahakamani. Wengi huogopa kwamba nyumba itafungwa wabaki nje. Hofu hiyo ina msingi, kwa sababu mahakama inaweza kuamuru nyumba mbovu kabisa isikaliwe. Lakini kunyamaza pia kuna gharama yake. Jengo la mtaa wa Huruma, Nairobi, lililoporomoka usiku wa Aprili 29, 2016 na kuua makumi ya watu lilikuwa tayari limepangiwa kubomolewa, na watu walikuwa bado wanaishi ndani. Ukuta unapopasuka, andika barua, piga picha zenye tarehe, na mwende mkiwa wapangaji kadhaa. Malalamiko ya mlango mmoja hupuuzwa kwa urahisi.

"Basi nitaacha kulipa mpaka atengeneze." Usifanye hivyo bila ushauri wa wakili. Deni la kodi humpa landilodi njia halali ya kukamata mali yako chini ya Sura ya 293. Njia hiyo ina masharti: kazi hufanywa na dalali wa mnada mwenye leseni. Haifanywi na keretaka na vijana wake wakija kung'oa mlango, kuezua mabati au kukata stima. Kwa nyumba zilizo chini ya Sura ya 296, kumsumbua mpangaji kwa makusudi ili ahame au alipe zaidi ni kosa la jinai. Chifu naye hana mamlaka ya kukufukuza, hata akiandika barua yenye muhuri.

Kama huna pesa za wakili, Kituo Cha Sheria jijini Nairobi husaidia watu wasiojiweza, na serikali ina huduma yake ya msaada wa kisheria iliyoundwa na sheria ya 2016.

Mwisho, wenye saluni, duka au hoteli hujihesabu pamoja na wapangaji wa nyumba, na kumbe sheria yao ni nyingine, na ina nguvu kuliko wanavyodhani: Sura ya 301. Kama hamna mkataba wa maandishi, au upo lakini hauzidi miaka mitano, landilodi hawezi kupandisha kodi kwa neno la mdomo. Anatoa notisi ya miezi miwili au zaidi katika fomu maalumu, na wewe unaweza kuipinga kwenye baraza la kodi za biashara kabla ya siku ya kuanza kutumika. Ukiipeleka huko kwa wakati, kodi inabaki ya zamani hadi baraza liamue. Ukinyamaza hadi siku hiyo ipite, kodi mpya inakushika.